Elimu bila malipo kwa shilingi mia tano za mwezi

Kila mwaka shule zinapofunguliwa Januari hapa Tanzania, mjadala uleule hurudi redioni, bungeni na kwenye vikao vya wazazi: je, shule ya serikali ina haki ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango wa mlinzi, wa chakula au wa mitihani ya kujipima? Viongozi hujibu kwamba elimu ni bila malipo na kwamba mwalimu atakayemzuia mwanafunzi atachukuliwa hatua. Mwalimu mkuu hunyamaza, kwa kuwa ni mtumishi wa umma na anajua mipaka yake. Mzazi naye huondoka akiamini kwamba fedha za serikali zilifika shuleni na zikaliwa hukohuko. Katika mabishano yote hayo, kiasi chenyewe ambacho serikali humtengea kila mwanafunzi hakitajwi karibu kamwe, na kwa maoni yangu ugomvi wote umelala hapo.

Kiasi hicho ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka mzima. Kiliwekwa wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza kutekelezwa mwaka 2002, na wakati huo kilihesabiwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani. Katika fedha hizo, Sh4,000 zilitengwa kwa ajili ya vitabu, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa vikinunuliwa kwa pamoja kutoka juu, na Sh6,000 ndizo zinazokwenda kwenye akaunti ya shule. Tulipoanza kutekeleza mtaala mpya mwaka 2024, zaidi ya miaka 20 baadaye, kiwango kilikuwa kilekile. Thamani yake kwa dola ilikuwa imeshuka hadi takriban 4, na bei za bidhaa nchini zilikuwa zimepanda zaidi ya mara tatu. Hakuna Bunge lililokaa likaamua kwamba mtoto wa leo anastahili theluthi ya alichostahili mtoto wa mwaka 2002. Tarakimu iliachwa palepale, na mfumuko wa bei ukafanya kazi ambayo hakuna mwanasiasa angethubutu kuifanya hadharani.

Sh6,000 kwa mwaka ni Sh500 kwa mwezi. Tuchukue shule ya kijijini yenye wanafunzi 400, ambayo kwa viwango vyetu si kubwa hata kidogo. Ruzuku yake ya mwezi ni Sh200,000. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki na madaftari ya mahudhurio, alipie maji na LUKU kama shule imebahatika kuwa na umeme, atengeneze kitasa cha ofisi na madawati yaliyovunjika, anunue sabuni na dawa ya vyoo, agharimie michezo hadi maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na bado adurufu mitihani. Hebu tuuangalie mtihani mmoja tu. Ikiwa kila mwanafunzi atapewa karatasi yenye kurasa mbili kwa masomo sita, shule inahitaji karatasi 2,400 zilizochapwa pande zote mbili, yaani karibu rimu tano. Rimu moja madukani kwa miaka hii haipungui Sh10,000, kwa hiyo robo ya ruzuku ya mwezi imekwisha kabla ya kununua wino na kabla ya kumlipa mwenye mashine ya kudurufu. Na walimu wanatakiwa wapime wanafunzi mara kwa mara, hasa madarasa ya mitihani ya taifa, ambayo matokeo yake hutumika kuipanga shule na kumhukumu mwalimu mkuu huyohuyo.

Katika hesabu hiyo mlinzi hayumo, mpishi hayumo, na mwalimu wa kujitolea anayeziba pengo la walimu wawili waliohamishwa bila mbadala hayumo pia. Hao wote wanalipwa na wazazi, kwa jina lolote ambalo kikao kitaona linafaa. Niongeze jambo moja linaloonyesha vipimo vyetu vilivyo. Tangu mwaka 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi hulipwa posho ya madaraka ya Sh200,000 kwa mwezi. Anaistahili, na kwa kazi anayofanya ningeunga mkono iongezwe. Lakini maana yake ni kwamba katika shule yetu ya wanafunzi 400, fedha za kuendesha shule nzima ni sawasawa na posho ya mtu mmoja anayeisimamia. Aliyeona kwamba Sh200,000 ni kiasi cha haki kwa usimamizi wa mtu mmoja alikuwa anaujua ugumu wa maisha wa mwaka 2016, na ugumu huohuo ulikuwa unawakabili watoto 400 walioachiwa kiwango cha mwaka 2002.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za umma kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na kuanzia Januari 2016 Hazina ikaanza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Lilikuwa tendo kubwa na sitaki lipuuzwe. Miaka ya MMEM fedha zilipitia halmashauri, zilichelewa, na shule nyingi zilipokea pungufu sana ya zilichoahidiwa. Baada ya 2016 kiasi kilikuwa kidogo, lakini kilifika, na kilifika kila mwezi. Kwa shule za sekondari, serikali ilianza pia kufidia ada ya Sh20,000 ambayo mwanafunzi wa kutwa alikuwa akilipa, juu ya ruzuku ya Sh25,000 kwa mwaka. Mwaka wa fedha 2022/23 ada za kidato cha tano na cha sita nazo zikafutwa. Watoto ambao wazazi wao walikuwa wakiwaficha nyumbani kwa kukosa Sh20,000 waliingia darasani, na yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa namna hiyo amesimama nje ya ofisi ya mkuu wa shule hawezi kusema kwamba hatua ile haikuwa na maana.

Tatizo lilianza pale waraka ulipokuwa mpana kuliko fedha zilizoufuata. Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulijaribu kufafanua nani ana wajibu gani, ukamwachia mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Wazazi wengi hawakuyasoma maelezo hayo. Walisikia maneno mawili tu, bila malipo, na wakayashika. Kisha Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na utaratibu ukawa kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilikuwa kumlinda mzazi maskini dhidi ya michango isiyo na kikomo, na baadhi ya michango ile kweli ilikuwa unyang'anyi. Lakini mkurugenzi yuko makao makuu ya wilaya, pengine kilomita 80 kutoka kijijini, na hakuna mzazi atakayepanda basi kupeleka Sh1,000 ya mlinzi. Matokeo yake michango haikuisha, ilijificha. Ikaitwa makubaliano ya kikao, ikaitwa masomo ya ziada, ikaingizwa kwenye fomu ya kujiunga kidato cha kwanza kwa umbo la rimu ya karatasi, jembe, ndoo na fagio la chelewa. Mchango uliojificha hauna stakabadhi wala mkaguzi, na ndiyo maana mzazi anayeshuku kwamba analiwa hana njia ya kuthibitisha wala ya kuondoa shaka yake.

Wanaoifuatilia historia ya elimu yetu wataona kwamba hii si mara ya kwanza. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Watoto walikuja kwa mamilioni. Walimu waliandaliwa haraka, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, na mpaka leo wazee wanawaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha Elimu ya Msingi kwa Wote, jina lenye heshima na dharau kwa pamoja. Nchi ilipoingia kwenye vita vya Kagera na msukosuko wa uchumi uliofuata, hapakuwa na fedha za kulinda kile kilichojengwa, na miaka ya 1980 na 1990 uchangiaji wa gharama ukarudi, uandikishaji ukaporomoka. MMEM ikaja kufuta ada kwa mara nyingine, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2008. Wimbi hilo likafika sekondari. Shule za kata zikajengwa kwa kasi kuanzia mwaka 2006, nyingi zikifunguliwa zikiwa na kuta na bati lakini hazina maabara, vitabu wala mwalimu wa hisabati. Mwaka 2012 karibu asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata daraja sifuri. Matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya, tume ya Waziri Mkuu ikaundwa, lakini watoto walioyapata walikuwa wameketi miaka minne katika madarasa ambayo nchi iliyajenga na kuyaacha.

Katika vipindi vyote hivyo vitatu serikali haikukosa nia. Ilichokosa ni fedha za kila siku. Tuna uwezo mkubwa wa kutafuta fedha za mara moja, na uwezo mdogo sana wa kutenga fedha zinazorudi kila mwezi bila kupigiwa ngoma. Kampuni ya Uingereza ya BAE Systems ilipokubali kulipa pauni milioni 29.5 baada ya kashfa ya ununuzi wa rada, fedha hizo, tulizoziita chenji ya rada, zilinunua vitabu na madawati. Mwaka 2016 tulifanya kampeni ya madawati nchi nzima, na taasisi, benki na watu binafsi wakachangia. Mwaka 2021 mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Sh1.3 trilioni kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari kwa Sh20 milioni kila moja na 3,000 ya vituo shikizi, yaani shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama. Januari 2022 wanafunzi wote waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia kwa mkupuo mmoja bila kusubiri awamu ya pili. Baadaye zikaja fedha za BOOST kwa shule za awali na msingi na za SEQUIP kwa sekondari, zote zikiwa mikopo ya Benki ya Dunia.

Nayasema haya kwa shukrani. Darasa la zege lililochukua nafasi ya mti wa mwembe ni jambo la kweli, na mtoto aliyelisubiri hana haja ya kusikiliza nadharia za bajeti. Ila darasa lina sherehe ya uzinduzi, lina utepe wa kukatwa na bango lenye jina la mradi, na Sh500 za mwezi hazina sherehe. Hakuna mbunge aliyewahi kusimama jukwaani kutangaza kwamba shule za jimboni mwake zimepata chaki ya kutosha kwa muhula mzima. Kwa hiyo majengo yanapata mwenye kuyatetea, na uendeshaji wa majengo hayohayo haupati. Miaka mitano baada ya uzinduzi ukipita unaona vioo vimevunjika, sakafu imechimbika, milango ya vyoo haifungi, wasichana wanakosa masomo siku za hedhi kwa sababu hakuna maji, na mtu atasema jamii haina utamaduni wa kutunza mali ya umma. Jamii ilipewa jengo la Sh20 milioni na ikaachiwa Sh500 kwa kila mtoto kulitunza.

Wapo wanaosema kwamba jibu ni wazazi kuchangia waziwazi, na hoja yao ina uzito kuliko wanavyosikilizwa. Wanasema mzazi aliyechangia hufuatilia, huhudhuria vikao na huuliza maswali. Na kwamba nchi yenye watoto wengi kama yetu haiwezi kubebesha Hazina kila kitu. Nakubaliana nao kuhusu nguvu za wananchi. Vijiji vyetu vimesomba mawe, vimefyatua matofali na kuinua maboma mengi kabla serikali haijaleta bati, na kuwaambia watu hao kwamba mchango wao ni kosa lilikuwa jambo la kuvunja moyo. Ninapotofautiana nao ni pale mchango unapokuwa ndio unaoamua shule iwe ya namna gani. Shule ya mjini yenye wazazi watumishi na wafanyabiashara itakubaliana Sh5,000 kwa mwezi kwa kikao cha nusu saa; itaajiri mlinzi, itapika chakula cha mchana na kudurufu mitihani kila wiki. Shule ya wilaya ya wafugaji, au ya kijiji kilichokosa mvua misimu miwili, haitapata hata Sh500. Zote mbili ni za serikali, mtaala ni mmoja na mtihani wa taifa ni mmoja. Ruzuku ipo hasa kwa ajili ya kuipunguza tofauti hiyo, na inapokuwa ndogo kiasi hiki, mchango wa mzazi unageuka kuwa ndio bajeti yenyewe.

Wengine wanauliza kwa nini serikali imsomeshe bure mtoto wa mwenye uwezo. Katika shule za msingi hoja hiyo imepitwa na wakati, kwa sababu mwenye uwezo mkubwa alikwishahamisha mtoto wake kwenda shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza. Waliobaki katika shule za umma, kwa sehemu kubwa sana, ni wale ambao hawana pengine pa kwenda. Kama tunataka kuzungumzia nani anafaidika na fedha za elimu, tuanzie juu. Sehemu kubwa ya bajeti ya maendeleo ya Wizara ya Elimu huenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na fedha ya chakula na malazi ya mnufaika imefikia Sh10,000 kwa siku. Sidai ipunguzwe; kijana aliyetoka Kigoma kuja kusoma Dar es Salaam hawezi kuishi kwa chini ya hapo, na huo ni mkopo atakaoulipa. Lakini nchi inayoweza kukubaliana kwamba Sh10,000 inamtosha mwanafunzi mmoja kwa siku moja haina budi kujieleza inaposema kwamba kiasi hichohicho kinamtosha mwingine kwa mwaka. Tofauti ni kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wana serikali zao, wanajua kuandika barua na wanaweza kuandamana. Mtoto wa darasa la pili hana chama.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya upotevu. Kwa nini tuongeze maji kwenye ndoo inayovuja? Jibu zuri zaidi ninalolijua linatoka kwa jirani zetu. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku za shule za msingi nchini Uganda kati ya mwaka 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha zisizo za mishahara ndiyo iliyozifikia shule. Nyingine ziliishia kwa watendaji wa wilaya. Serikali ya Uganda ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya na kutaka shule zibandike kilichopokelewa, na kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wazazi walioweza kulinganisha tarakimu mbili walifanya kazi ambayo ukaguzi wa kawaida haukuifanya. Sisi tumekwishapiga hatua kubwa kuliko hiyo, maana fedha zetu haziguswi na wilaya. Kilichobaki ni kubandika kwenye ubao wa shule, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma, kiasi kilichoingia mwezi huu na kilichotumika, na kuipa kamati ya shule idhini ya kupokea mchango kwa stakabadhi pale wananchi wanapouamua wenyewe. Mchango unaoonekana haumtishi mtu; unaotisha ni ule ambao ukiuulizia mwanao anaonewa.

Sasa tuhesabu gharama, kwa sababu anayedai fedha lazima aseme ni kiasi gani. Shule zetu za msingi za umma zina takriban wanafunzi milioni 11. Kurudisha thamani ya Sh10,000 ilivyokuwa mwaka 2002, bila kuongeza hata senti ya ukarimu, kunahitaji angalau Sh30,000 kwa mwanafunzi. Nyongeza ni Sh20,000, mara milioni 11, sawa na Sh220 bilioni kwa mwaka. Bajeti ya serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa Sh49.35 trilioni, kwa hiyo tunazungumzia chini ya nusu ya asilimia moja. Madarasa 12,000 ya sekondari ya fedha za UVIKO-19 yaligharimu Sh240 bilioni. Yalijengwa kwa miezi michache, na nchi haikufilisika. Najua kwamba yalikuwa ya mara moja na hii ni ya kila mwaka, na kwamba mkopo si mapato. Hiyo ndiyo sababu nyongeza hii inapaswa kutoka kwenye kodi zetu wenyewe na kuingia kwa hatua, tuseme kwa miaka mitatu. Azimio la Incheon la mwaka 2015, ambalo nchi yetu ni miongoni mwa zilizolikubali, linataka serikali zitumie kwenye elimu kati ya asilimia 4 na 6 ya pato la taifa au kati ya asilimia 15 na 20 ya matumizi ya umma. Kwa kipimo cha pato la taifa bado tuko chini ya 4. Nafasi ya kuongeza ipo kabla hatujaanza kulaumiana kwa ubadhirifu.

Hata hivyo, fedha peke yake haitoshi ikiwa kiwango kitaachwa tena palepale hadi mwaka 2045. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inazungumzia haki ya kujielimisha na inaitaka serikali ifanye jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ambayo Ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kisheria na mahakama yoyote. Mzazi hawezi kwenda kortini kudai. Kiwango cha ruzuku nacho hakimo katika Sheria ya Elimu. Kimeishi katika mipango, miongozo na nyaraka, na kilichowekwa kwa waraka huachwa kwa ukimya. Wenzetu wa Kenya waliiweka elimu ya msingi ya bure na ya lazima katika Ibara ya 53 ya Katiba yao ya mwaka 2010, ndani ya sura ya haki ambazo mahakama inaweza kuzilinda. Hawajatatua kila kitu. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haimudu kulipa kikamilifu Sh22,244 za Kenya zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na nchi nzima ikawaka. Ukiwasikiliza wakigombana, utagundua kwamba kila mzazi anaijua ile tarakimu. Wanajua walichoahidiwa, wanajua kilicholipwa, na tofauti wanaiita deni. Huku kwetu serikali haina deni kwa shule yoyote, kwa sababu Sh500 za mwezi zimelipwa zote, na kwenye vitabu vya hesabu kila kitu kiko sawa.

Ndiyo maana ninapendekeza Sheria ya Elimu irekebishwe itaje ruzuku ya mwanafunzi kama stahili, iagize kwamba kiwango kipitiwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei uliotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na imtake waziri alieleze Bunge kwa maandishi pale anaposhindwa kukifikia. Kiwango hicho kisiwe sawa kwa kila shule pia. Shule yenye wanafunzi 150 kisiwani au porini ina mlinzi mmoja, ofisi moja na mtihani uleule kama shule ya wanafunzi 1,500, na kuipa Sh75,000 kwa mwezi ni kuifunga taratibu. Iwepo fedha ya msingi kwa kila shule, kisha ya kila kichwa juu yake, na nyongeza kwa shule zenye wanafunzi wenye ulemavu.

Muda si mwingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza mwaka 2024 na darasa la kwanza na la tatu. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo waliokuwa darasa la nne watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, na kwa mujibu wa sera hakuna mtoto wa kuachwa nje. Madarasa yatajengwa, kwa hilo sina wasiwasi, maana tumeonyesha kwamba tunaweza. Ninachotaka kukiona katika bajeti itakayosomwa Juni 2027, ya mwisho kabla ya watoto hao hawajafika, ni kifungu cha ruzuku kilichohesabiwa kwa idadi yao halisi na kwa bei za mwaka huo, pamoja na mishahara ya walimu watakaowafundisha. Wabunge wana vikao vya kutosha kabla ya siku hiyo kumwuliza waziri swali moja la kawaida: mtoto mmoja, kwa mwezi mmoja, mmempangia shilingi ngapi, na mmezipataje?